Mnajimu Aliyejibiwa na Nyota

Wabaya wengi wamepita mbele ya Daktari, yule msafiri wa zama na sayari aliyeanza kuonekana katika televisheni ya BBC ya Uingereza tarehe 23 Novemba 1963 katika mfululizo wa Doctor Who, na wengi wao walikuwa na silaha kali na sura za kutisha kuliko Hieronymous. Lakini ukiniuliza ni nani miongoni mwao anayestahili kutazamwa kwa utulivu, nitamtaja yeye, ambaye hakuwa jini wala dude la chuma, bali mtumishi wa baraza, aliyekula mkate wake kwa kuwasomea wakubwa nyota zao.

Kisa chake kimo katika The Masque of Mandragora, hadithi ya sehemu nne iliyoonyeshwa Septemba 1976, Tom Baker akiwa Daktari na Elisabeth Sladen akiwa Sarah Jane Smith, sahibu yake wa safari. Mahali ni San Martino, dola ndogo ya kubuni katika Italia ya karne ya 15. Picha zake za nje zilipigwa Portmeirion, kijiji cha Wales ambacho msanifu Clough Williams-Ellis alikijenga kidogo kidogo tangu 1925 kwa namna ya miji ya Italia, na mtazamaji haoni hila. Duke mzee amefariki kama mnajimu alivyotabiri. Mrithi wake ni Giuliano, kijana mpenda elimu asiyeusadiki unajimu. Na ami yake, Count Federico, anakitamani kile kiti kwa uchu usiofichika. Basi Federico anamwagiza Hieronymous atangaze kwamba nyota zimekwisha kuamua kifo cha Giuliano pia, na sumu itakuja nyuma kuusadikisha utabiri.

Hapa ndipo ulipo ubaya wa mnajimu huyu, nami namwomba msomaji asiupite kwa haraka. Mwuaji wa kawaida hujificha baada ya kutenda; Hieronymous hutangaza kabla, kwa taadhima, mbele ya wakubwa wa kasri, na kutangaza huko ndiko kunakomficha, kwa kuwa kifo kilichokwisha kutajwa na nyota hakina mshitakiwa: nani atakayeipeleka Zuhali mbele ya kadhi? Watu wakisikia kwamba Mirihi imekutana na Zuhali hujiandaa kwa matanga, na maiti ikionekana hawakitafuti kikombe alichonywea marehemu, bali huustaajabia ujuzi wa yule aliyesema. Hata hivyo mwenyewe anasitasita pale Federico anapotaka kifo cha pili kifuate upesi nyuma ya kile cha kwanza, maana anajua, kama fundi ajuavyo mipaka ya chombo chake, kwamba nyota zikiua mfululizo katika nyumba moja, hata mjinga ataanza kuhesabu.

Louis Marks, aliyeiandika hadithi hii, alikuwa mwanahistoria wa Italia ya zama hizo mwenye shahada ya uzamifu, na kila niitazamapo naona nyuma ya San Martino kivuli cha Milan. Huko Ludovico Sforza alijitwalia hatamu za utawala mwaka 1480 kwa jina la mpwa wake, Gian Galeazzo, mtoto wa nduguye, aliyekuwa Duke halali ila bado mdogo; na katika mambo yake makubwa Ludovico alimtegemea Ambrogio da Rosate, tabibu na mnajimu kwa pamoja, mtu ambaye mkono mmoja ulishika dawa na mwingine ukashika hesabu za buruji. Tarehe 13 Januari 1490, katika sherehe za ndoa ya mpwa huyo na Isabella wa Aragon, Leonardo da Vinci aliwaundia mbingu ya kuigiza yenye sayari saba na buruji kumi na mbili ziking'aa kwa taa, na sayari zile, zikiwakilishwa na waigizaji, zikashuka kumsifu bibi harusi. Miaka minne baadaye bwana harusi alikufa huko Pavia akiwa na umri wa miaka 25, uvumi wa sumu ukaenea Italia nzima pasipo kuthibitishwa, na ami akawa Duke. Katika tamthilia Leonardo naye amealikwa kwenye karamu ya vinyago, na Daktari anatamani sana kuonana naye, lakini hadithi inakwisha asimwone. Mzaha mdogo wa mwandishi aliyejua anakosimama.

Lakini Federico hamheshimu mnajimu wake hata kidogo. Anapomkasirikia humwambia waziwazi, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika katika gazeti la kusomwa na familia, kwamba hajui lolote la mbinguni, kisha anamfukuza mjini. Na hapo mtazamaji, bila kutaka, huanza kumwonea imani mtu yule. Kwani Hieronymous, aliyeuza uongo kwa ijara, moyoni anasadiki. Tangu zamani anahisi ameteuliwa kwa jambo kubwa, na usiku, akiwa amevaa kinyago, yeye ndiye kiongozi wa siri wa Udugu wa Demnos, madhehebu ya kale ya Kirumi yanayokutana katika mapango chini ya mji na kutoa kafara za watu. Na ajabu ya hadithi hii ni kwamba mbingu zinamjibu. Mandragora Helix, nguvu yenye akili iliyo mbali huko angani, imeteremka duniani kwa kujificha ndani ya chombo cha Daktari mwenyewe, nayo inamchagua Hieronymous kuwa mlango wake. Mtu aliyesema maisha yake yote kwamba nyota zinawatawala wanadamu anaikuta kweli nyota itakayo kuwatawala, nayo inataka hasa kile ambacho unajimu wa barazani ulikwisha kukifanya kwa uchache: wanadamu waache kutafuta, waache kujiamulia, wakae kama kondoo wakingoja yaliyoandikwa, wasije siku moja wakafika huko juu wakashindana nayo.

Nina ugomvi mmoja na tamthilia hii. Inaigawa karne ile makundi mawili, Giuliano na elimu upande huu, Hieronymous na giza upande ule, ilhali elimu na unajimu zilikaa nyumba moja kwa karne nyingi, zikila sinia moja. Khalifa al-Mansur alipotaka kuijenga Baghdad mwaka 762 aliwataka wanajimu wamchagulie siku, na hao walikuwa mahodari wa hesabu wa zama zao. Vitabu vya Abu Ma'shar wa Balkh viligeuzwa kwa Kilatini katika karne ya 12, vikasomwa Italia na watu wa aina zote mbili. Na Kepler, aliyetufunulia njia za sayari, alimpigia falaki jemadari Wallenstein mwaka 1608. Kweli alikuwako Pico della Mirandola, aliyeushambulia unajimu katika kitabu kilichochapwa 1496, baada ya kufa kwake, lakini wa namna yake walikuwa wachache.

Norman Jones ndiye aliyemwigiza Hieronymous, naye alikwisha kutokea katika mfululizo huohuo mwaka 1967 na 1970 kwa sura nyingine. Alichopatia ni kutomfanya mchekeshaji. Pale mwanzoni anapomhoji Daktari kuhusu maana ya sayari zinazokabiliana, na Daktari akamjibu kwa upuuzi wa kuku na mayai, uso wa mnajimu hauonyeshi hasira ya tapeli aliyefichuliwa, bali uchungu wa mtu aliyetukaniwa dini. Daktari anahukumiwa kukatwa kichwa, na anaokoka kwa kumtega mkata vichwa kwa ile skafu yake ndefu.

Mwisho wa mnajimu ni wa kifundi. Uso wa Hieronymous umekwisha kugeuka nuru tupu nyuma ya kinyago, na Federico aliyethubutu kukivua ameteketea. Ndipo Daktari, akiwa amevaa dirii ya chuma chini ya koti na waya ukimwunganisha na madhabahu, anamchokoza amrushie umeme wake hadi unaisha wote, kama radi inavyomezwa na ardhi. Kisha Daktari anavaa joho na kinyago cha marehemu, anaiga ile sauti nzito, na usiku mwezi ulipopatwa anawaita wale ndugu wa Demnos, waliokuwa wameivamia karamu, wamfuate pangoni wakapokee nguvu waliyoahidiwa. Wakamfuata wote, wala hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba mnajimu wao amekwisha kufa.