Shimo halirithiwi, lakini jasho la marehemu ni la watoto wake

Mchimbaji akikufa, mara nyingi matanga haijaisha na maneno yameanza. Ndugu yake anataka shimo. PDG wa shimo anasema marehemu aliacha deni ya chakula na vifaa. Mama wa watoto anaambiwa arudi kwao. Tuyaangalie hayo moja moja, kufuatana na sheria ya inchi yetu.

Shimo ni la nani?

Madini ya chini ya udongo ni ya Leta. Ndivyo inavyosema Kode ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018. Mchimbaji wa mikono anapewa kadi ya mwaka mmoja, kwa jina lake mwenyewe, na anapashwa kuwa ndani ya koperative. Basi kijana hawezi kushuka shimoni na kadi ya baba yake.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tumeyaona hayo kwa macho. Ku Rubaya, permi ilikuwa ya kampuni SMB. Ndiyo sababu mwaka 2013 koperative COOPERAMMA ilifanya nayo mapatano. Ku Bisie, maelfu ya watu walichimba kasiterite kwa mikono. Mwezi wa 9 mwaka 2010, Prezida Joseph Kabila alisimamisha kazi hiyo mu Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Leo mlima ule unachimbwa na kampuni Alphamin. Aliyesema "shimo hili ni langu" alibaki mikono mitupu.

Urithi ni nini basi?

Ni fungu lake la madini yaliyotoka mbele ya kifo, feza ambazo PDG ao negosian hajamulipa, pampu na vifaa alivyonunua, nyumba, parseli, mifugo, na zamu yake ya likelemba. Deni nazo zinafuata mali. Lakini anayedai aonyeshe kartasi ao shahidi. Sauti kubwa ku matanga si ushuhuda.

Nani anapata?

Kode ya famili ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inagawa hivi. Tuseme bwana na bibi walioana ku etasivili bila kuchagua mpango mwingine wa mali, na deni zikiisha kulipwa panabaki mali ya dola 24 000 waliyoipata pamoja. Nusu, dola 12 000, ni ya mujane tayari. Hiyo si urithi. Urithi ni zile 12 000 zinazobaki. Watoto wanachukua robo tatu, dola 9 000, sawasawa: binti kama kijana, hata mutoto wa inje kama baba alimutambua akiwa muzima. Robo inayobaki, dola 3 000, inagawanywa mafungu matatu: mujane 1 000, baba na mama wa marehemu 1 000, ndugu na dada zake 1 000. Mujane ana haki pia ya kuendelea kukaa mu nyumba waliyoishi.

Muone vizuri: shangazi na baba mudogo hawana fungu pale watoto wako. Lakini mama aliyelipiwa mahari tu, ndoa ikakosa kuandikwa, atapata shida kubwa kuonyesha kwamba yeye ni bibi wa sheria.

Tufanye nini tukiwa wazima?

Ndoa ya famili iandikwe ku etasivili. Mutoto aandikishwe mbele siku 90 zipite tangu azaliwe. Mu shimo, timu iwe na kaye moja: majina ya wote, fungu la kila mutu, nani alitoa chakula na vifaa, nani anadaiwa. Kila siku ya kugawana, wote watie sinyatiri ao kidole. Kaye ya pili ibaki nyumbani, na mama ajue inalala wapi.

Ugomvi ukitokea, tuanze na wazee, koperative na chefu wa groupement; wasipoweza, kuna tribinali ya pe. Vita imefanya tribinali kuwa mbali kwa wengi wetu. Hata hivyo mapatano ya wazee yaandikwe, na kartasi ifungwe mu plastiki. Tukikimbia usiku, tuibebe pamoja na watoto: siku njia itafunguka, ndiyo itawasemea.