Kanga ya karatasi iliyomfungua mdomo binti yangu

Mwezi Novemba niliitwa shuleni kwa binti yangu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sare bado iko chini ya koti. Mwalimu alinikaribisha kwenye kiti kidogo cha watoto, akaniambia kwa upole kwamba tangu shule ifunguliwe Septemba hajawahi kusikia sauti ya mwanangu. Jina likiitwa haitiki. Hata akibanwa na haja ndogo haombi ruhusa.

Nilidhani ananichanganya na mzazi mwingine. Mtoto huyu huyu anayeimba bafuni na kubishana na kaka yake mpaka jirani anagonga ukuta?

Lazima niseme ukweli wote. Mimi nilitangulia kuja Uingereza. Nilikuwa na stashahada ya uuguzi kutoka nyumbani, nikaja kuongeza shahada, na watoto wakabaki Tanga kwa bibi yao. Binti alikuwa na miaka mitatu nilipomwacha, na mitano alipokuja. Alifika Agosti, na Septemba akavalishwa sare akaingizwa darasa la kwanza, katikati ya watoto waliokwisha zoeana mwaka mzima.

Mtu mmoja pale shuleni alinishauri tuache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kishike haraka. Nikakubali, tena mimi niliyesoma! Kwa wiki mbili chakula cha jioni kililiwa kimya. Mtoto alikuwa amenyamaza shuleni, sasa akanyamaza na nyumbani. Siku bibi yake alipopiga simu na yeye akamjibu kwa kutikisa kichwa tu, niliufuta ushauri ule. Wazazi wenzangu, mkiambiwa hivyo msikubali. Lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kujifunza ya pili.

Nilikwenda kuuliza wanaojua, maana uuguzi wangu ni wa wodi ya wazee. Nilielezwa kwamba mtoto anayeingia lugha mpya anaweza kukaa kimya kwa miezi, anasikiliza na kukusanya maneno, na huo si ugonjwa. Lakini kuna hali nyingine ambayo wataalamu wanaiita selektivu myutizimu: mtoto anaongea vizuri mahali anapojisikia salama, ila kwingine wasiwasi unamfunga koo. Hawaitaji hali hiyo mpaka ukimya uwe umezidi mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, na uwe hautokani na kutojua lugha tu. Ukiona mtoto wako hivyo, zungumza na mwalimu na daktari wa familia, uombe apelekwe kwa mtaalamu wa matamshi na lugha. Mtoto wa namna hiyo hana kiburi. Na zile sherehe zetu za Jumamosi, shangazi kumi wamemzunguka, “Sema shikamoo! Huyu mtoto bubu?”, zinamfunga zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimfinya begani asalimie.

Kilichomfungua hakikutoka kwangu. Baada ya Krismasi darasa lao lilianza somo la nakshi, na kila mtoto akaambiwa alete kitambaa kutoka nyumbani. Nilimpa kanga moja ya doti ambayo bibi yake aliigawa siku ya safari. Ya pili alibaki nayo mwenyewe Tanga. Mwalimu aliitandaza sakafuni, watoto wakaizunguka wakiuliza yale maandishi yanasema nini. Hakuna aliyejua. Mwalimu hakumgeukia binti yangu kumuuliza, na hapo ndipo ninapomshukuru sana.

Jioni ile mtoto alinikalisha kitako. Alitaka kujua kila sehemu inaitwaje. Nikamweleza: huu ukingo ni pindo, hapa katikati ni mji, na maandishi ndiyo jina la kanga. “Kwa hiyo kanga bila jina haijaisha?” Nikamwambia ndiyo, haijaisha.

Tukakata kiazi mbatata katikati, nikachonga umbo la korosho kwa kisu, yeye akachovya kwenye rangi na kugonga kwenye karatasi kubwa. Kiazi kilipolainika tukakata kingine. Jina aliliandika peke yake, herufi zimepinda: MAMA ATARUDI ASUBUHI.

Sikusema kitu. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani zilizokuwa safi.

Kesho yake watoto walitaka kujua kanga ya karatasi inasema nini, na darasa zima hakuna aliyeweza kuisoma ila yeye. Alimnong'oneza msichana mmoja anayekaa naye, huyo akawatangazia wenzake. Mwalimu hakupiga makofi wala kusema “Hatimaye!”. Kwa wiki kadhaa aliwaacha wale wawili wachore pamoja kwenye kona, kisha akaongeza mtoto wa tatu, baadaye wa nne, naye akakaa pembeni akisafisha brashi kama hasikii. Mwezi Machi binti yangu aliisoma kanga yake mbele ya watoto sita, kwa Kiswahili, halafu akaitafsiri. Mwalimu alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana kunieleza.

Bado hajawa msemaji. Shule nzima ikikusanyika asubuhi ananyamaza, na mama wa dukani akimsalimia anajificha nyuma ya koti langu. Nami simfinyi tena. Lakini Ijumaa iliyopita aliniomba viazi vitatu vya kupeleka shuleni. Nikamuuliza vya nini.

“Wenzangu nao wanataka kanga,” alisema. “Lakini majina mpaka niwaambie mimi.”