Msafiri, Laini Yako Usiigawe

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, kumbe limeshawaliza watu hapa kambini Dzaleka: simu ya mtu anayesafiri kwenda nchi ya mbali.

Safari ikitoka, tunawaza mizigo, vipimo vya hospitali na nguo za baridi. Simu tunaikumbuka basi likiwa limeshafika.

Tuwape mfano. Jirani yetu mmoja alipata safari ya Australia, yeye na mke na watoto. Jioni ya kuagana akamwambia mtoto wa dada yake, "Mpwa wangu, shika laini hii, huko ng'ambo haina kazi." Kijana akaitia kwenye simu yake, akafungua WhatsApp kwa namba ileile. Palepale WhatsApp ya mjomba wake ikajifunga, naye yuko njiani. Mama watoto alikuwa na simu ya vitufe, nayo walipofika haikushika mtandao hata kidogo.

Nyanya wa watoto alibaki hapa. Kila asubuhi anauliza, "Wamefika?" Majuma matatu hakuna jibu. Watu wakaanza kunong'ona mambo ya ndege kuanguka, na mzee wa watu akaacha kula vizuri. Aliokolewa na mjukuu wake mmoja, aliyekuwa ameandika namba ya nyanya ndani ya daftari la shule. Siku simu ile ilipolia, nyumba nzima ililia.

Hapo hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ni kutojua tu. Basi tujifunze.

KABLA YA KUONDOKA

Angalia simu yako. Australia ilizima mtandao wa 3G mwaka 2024, na Marekani makampuni makubwa yaliuzima mwaka 2022. Simu ya vitufe ya zamani huko ni kama jiwe. Unahitaji simu ya 4G yenye uwezo wa kupiga sauti kupitia 4G hiyohiyo. Australia wameweka sharti: simu isiyoweza kupiga namba ya dharura, 000, inafungiwa, hata kama intaneti inashika. Kwa hiyo kama huna hakika, usimalize pesa kununua simu ya bei hapa. Ngoja uulize watakaokupokea kule.

Laini yako, iwe ya Airtel au ya TNM, usimpe mtu na usiitupe. WhatsApp inakujua kwa namba ile. Fungua mipangilio ya WhatsApp, uweke namba 6 za siri, ili mwingine asiweze kuichukua akaunti yako kirahisi. Pesa zilizo kwenye simu zitoe au uwatumie wanaobaki.

Halafu chukua daftari. Andika namba za ndugu kwa mkono, kwa sababu simu inaweza kuibiwa au kuzima. Usianze na sifuri. Anza na +265, kisha namba iliyobaki. Ukipiga 099 au 088 ukiwa ng'ambo, huwapati watu wa hapa.

NJIANI

Zima data ya laini. Kutumia laini ya hapa katika nchi nyingine kunaitwa romingi. Bando ulilonunua hapa kwa kawaida halifanyi kazi huko, na vocha inaweza kukatwa hata kwa kupokea simu tu. Tumia waifai ya kiwanja cha ndege pale ilipo ya bure. Tuma meseji fupi: "Tumefika hapa, wote wazima." Inatosha. Usiifute WhatsApp wala kuifungua upya njiani, maana itakuomba namba za uthibitisho zinazokuja kwa laini yako, na pengine laini hiyo haishiki huko.

UKIFIKA

Nunua laini ya kulipia kabla, usikimbilie mkataba wa miaka miwili usiousoma. Mabando mengi ya Australia ni ya siku 28, si ya mwezi mzima, kwa hiyo weka hesabu. Ukiingiza laini mpya, WhatsApp itaendelea na namba ya zamani bila shida. Ukishatulia, ingia kwenye mipangilio, chagua kubadilisha namba, uweke ile mpya inayoanza na +61. Vikundi na mazungumzo vinabaki. Usikae miezi na miezi: laini isiyotumika kampuni inaweza kuifunga na kumuuzia mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp isiyofunguliwa kwa siku 120 hufutwa.

Na jambo hili tunawaomba sana ninyi mlioko mbali. Ukipiga kwa video, bando la nyanya hapa linaliwa pia. Wewe una waifai, yeye ana vocha ya kuazima. Tuma sauti iliyorekodiwa, aisikilize mara tatu akitaka. Video iwe siku mliyopatana, baada ya kumtumia kidogo cha bando. Na saa mziangalie: saa 2 usiku Brisbane, hapa ni saa 6 mchana.

NINYI MNAOBAKI

Msimruhusu msafiri aondoke kabla hamjapatana mambo mawili: nani atapigiwa kwanza, na namba ya pili ni ya nani ikiwa ya kwanza haipatikani. Mkikaa siku tatu bila habari, msianze na uvumi. Ulizeni ofisi iliyopanga safari.

Yule nyanya tuliyemtaja, siku hizi simu yake ina namba ya Australia imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kifuniko. Anasema, "Simu ikizima, bado wanangu ninao hapa."

Tunawatakia safari njema wanaoondoka, na uvumilivu wanaongoja. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.