Machungwa Yasituozee: Namna ya Kuhifadhi Machungwa, Ndimu na Malimau Nyumbani

Ni nani kati yetu ambaye hajapata kufunua kapu la machungwa asubuhi na kupokewa na harufu ya uozo? Fedha imekwenda, watoto wamekosa, na moyoni tunabaki kujilaumu.

Tunamkumbuka jirani yetu mmoja hapa Tabora. Siku alipopokea zamu yake ya upatu, alinunua gunia zima la machungwa yaliyoletwa kwa lori kutoka mbali. Nia yake ilikuwa njema. Mengine watoto wangekula, mengine angeuza mojamoja mlangoni pake, na faida ingemnunulia binti yake viatu na madaftari kabla shule hazijafunguliwa. Gunia akalisimamisha pembeni mwa jiko, mdomo wake ukiwa bado umeshonwa. Siku ya tano alipolifungua, vumbi la kijani lilimrukia usoni. Zaidi ya nusu yalikuwa yameoza. Mumewe hakusema neno, na kimya kile, alivyotueleza baadaye, kilimwuma kuliko maneno.

Alikwenda kulia kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye akina mama wengi humwendea kwa ushauri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usilie kwanza. Niambie: yalichumwaje? Yalisafirije? Na wewe uliyalaza wapi?"

Mama yule hakuwa na jibu hata moja. Lakini maswali hayo matatu ndiyo elimu yote ya kuhifadhi machungwa, na tumeona vyema tuyajibu hapa kwa faida ya wote.

Tunda lililokuja na misafara

Machungwa na malimau si wageni kwetu. Yaliletwa na watu wa misafara waliotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wengine wakaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871, aliona michungwa, milimau, mipapai na miembe ambayo Waarabu walikuwa wameileta kutoka pwani na kuipanda kuzunguka matembe yao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mizigo ya siku nyingi ikawa ya siku chache. Hata hivyo machungwa mengi yauzwayo nchini hutoka mbali na sisi, kama vile Muheza mkoani Tanga. Tunda likifika sokoni kwetu limekwisha kurushwa, kukaliwa na kuchomwa na jua. Ndiyo maana sisi wa bara yatupasa kujua kulihifadhi kuliko wenzetu wanaochuma uani.

Maadui wawili: jeraha na kiu

Kwanza tufahamu kwamba chungwa si kama embe au ndizi. Embe likichumwa bichi huiva ndani ya nyumba. Chungwa likikatwa mtini haliongezi utamu tena. Jinsi lilivyochumwa ndivyo litakavyobaki, au litaharibika. Kwa hiyo kulivundika ni kazi bure. Pia rangi isitudanganye. Katika nchi zetu za joto chungwa huweza kuwa limeiva vizuri huku ganda lake ni la kijani, kwa sababu ganda huhitaji usiku wa baridi ili ligeuke manjano.

Adui wa kwanza wa chungwa ni jeraha. Ule ukungu wa kijani tunaouona hutawanya mbegu zake kama vumbi, na vumbi hilo limejaa hewani na ndani ya makapu ya zamani. Haliwezi kupenya ganda zima. Hungojea mchubuko, tundu la mwiba, alama ya ukucha, au shimo linalobaki kikonyo kinapong'olewa. Yuko na ndugu yake, ukungu wa bluu, ambaye akishaota huweza kuhamia tunda la jirani kwa kugusana tu. Ndivyo chungwa moja linavyoozesha gunia.

Adui wa pili ni kiu. Chungwa huendelea kupumua na kupoteza maji kupitia ganda lake. Katika kiangazi chetu, upepo mkavu wa Agosti na Septemba hulinyonya mpaka ganda likawa gumu kama ngozi ya ngoma na nyama ya ndani ikakauka.

Tunaponunua

Tuchague tunda zito kwa ukubwa wake, kwani uzito ni maji. Tulibonyeze taratibu, liwe gumu kidogo, lisizame kidole. Tutazame kitako cha kikonyo: kikiwa bado kimeshikamana, mlango wa uozo umefungwa. Tukinunua kwa gunia, tuombe kulifungua tuone ya katikati na ya chini.

Mwenye mti uani asichume asubuhi yenye umande wala mara baada ya mvua, kwa kuwa ganda lililojaa maji huchubuka upesi. Akate kikonyo kwa kisu au mkasi karibu na tunda, asivute. Aweke ndani ya tenga lililotandikwa majani makavu, asiangushe chini. Yaliyoanguka yenyewe yaliwe siku hiyohiyo.

Mara yanapofika nyumbani

Tusiyaache ndani ya gunia wala mfuko wa plastiki uliofungwa. Humo hutoa jasho, na jasho hilo ndilo ukungu unalolitaka. Tuyamimine polepole juu ya mkeka kivulini na kuyagawa mafungu matatu: mazima kabisa ya kuwekwa, yenye michubuko ya kuliwa kwanza, na yaliyooza ya kutupwa mbali na nyumba. Lililoanza kuota ukungu tusilikate upande ili kuokoa upande wa pili, maana uozo hutangulia ndani kabla haujaonekana nje. Majirani zake tuyafute na kuyatumia mapema.

Tusioshe ya kuwekwa; tuoshe tunapotaka kula. Tena tusiyaweke pamoja na ndizi zinazoiva, kwani hewa inayotoka kwenye ndizi huyazeesha.

Mahali pazuri ni juu ya uchanja au ndani ya tenga lenye matundu, kwenye chumba chenye kivuli, mbali na jiko, yakiwa tabaka moja au mawili tu. Kila baada ya siku mbili tuyapitie kwa jicho. Hivyo machungwa hukaa kama wiki moja.

Mtungi wa kiangazi

Kwa mama asiye na jokofu ipo njia ambayo upepo uleule unaoyakausha machungwa huyapoza. Sote tunajua kwamba maji ya mtungini huwa ya baridi kuliko ya ndoo. Sababu ni kwamba udongo hupitisha unyevu, na unyevu ukikauka nje hubeba joto na kuondoka nalo. Hewa ikiwa kavu zaidi, baridi huzidi.

Chukua chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi, na kidogo kinachoingia ndani yake. Weka mchanga chini ya kile kikubwa, tumbukiza kile kidogo, kisha jaza mchanga katika nafasi iliyo kati yao, upana wa vidole viwili au vitatu. Mwagia maji mchanga huo asubuhi na jioni. Hata maji yaliyooshea mboga yanafaa, mradi hayana sabuni. Panga matunda ndani ya chungu kidogo, funika kwa kitambaa kibichi, na weka kivulini mahali penye upepo, juu ya mafiga au kigoda ili hewa ipite chini.

Huko Nigeria ya kaskazini, kwenye ukavu kama wetu na zaidi, mwalimu Mohammed Bah Abba alieneza vyungu vya namna hii vijijini miaka ya 1990. Ilionekana kwamba biringanya zilizokuwa zikidumu siku 3 ziliweza kukaa siku 27.

Lakini tukumbuke: mvua zikianza Novemba, hewa hujaa unyevu na mtungi hauna nguvu tena. Wakati huo turudi kwenye uchanja, na tununue kidogo kidogo.

Ndimu mchangani, na jokofuni

Ndimu na malimau yapendeza kuwekwa mchangani. Chekecha mchanga safi, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha upoze. Ndani ya sanduku au debe, tandaza mchanga, panga ndimu zisigusane, funika kwa mchanga, halafu panga tena. Mchanga huzuia maji yasitoke upesi, na moja ikioza haiwagusi wenzake.

Wenye jokofu waweke machungwa chini kabisa, kwenye mfuko uliotobolewa. Yatadumu wiki tatu hata nne. Ndimu zisikae karibu na barafu, kwani baridi kali hutia ganda lake madoa ya hudhurungi.

Zikizidi, tufanye achari. Ndimu zioshwe na kukaushwa, zipasuliwe pande nne bila kuachana, zijazwe chumvi, zishindiliwe katika chupa ya kioo mpaka maji yake yazifunike, na zianikwe juani kila siku kwa wiki tatu au nne. Kifuniko kiwe cha plastiki, na tusitumie sufuria ya alumini, kwa sababu ukali wa ndimu hula madini. Mwenye shinikizo la damu aonje kidogo tu.

Kwa nini tujisumbue?

Mwaka 1747 daktari wa meli za Kiingereza, James Lind, aliwajaribia dawa mbalimbali mabaharia 12 waliougua kiseyeye. Waliopata nafuu upesi ni wale wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Leo tunajua siri ilikuwa vitamini C.

Kwetu akina mama iko faida nyingine kubwa. Vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, madini ambayo mama mjamzito anayahitaji mno ili asipungukiwe damu. Basi kamua ndimu juu ya mchicha au kisamvu baada ya kuepua, au kula chungwa pamoja na chakula. Chai nayo isubiri, kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho. Maji ya machungwa yaliyokamuliwa yanywewe mara moja, kwa kuwa nguvu yake hupungua yakikaa.

Tunakumbuka jinsi Bwana Yesu, baada ya kuwalisha maelfu, alivyowaagiza wanafunzi waviokote vipande vilivyosalia. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona aibu kuhifadhi makombo.

Na jirani yetu je? Msimu uliofuata alijaribu tena, kwa nusu gunia. Aliyamimina mkekani siku ileile, akayachagua pamoja na binti yake, akayapitia kila baada ya siku mbili. Yaliyooza alituhesabia kwa vidole, na hayakumaliza mikono miwili. Binti alikwenda shule na viatu vyake. Mumewe jioni ile alichukua chungwa moja juu ya uchanja, akalimenya, akampa mkewe nusu.

"Mwakani," alisema, "tununue gunia."