Maharagwe ya chuma na droni za damu: tunapimaje madai ya kisayansi?

Mjamzito anayetoka kliniki katika mtaa wa Muhima, jijini Kigali, akiwa ameambiwa kwamba damu yake ni kidogo, hakosi washauri. Kabla hajateremka hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, huenda jirani amekwisha kumwelekeza kwenye juisi ya bitiruti, na simu yake imepokea ujumbe wa sauti unaodai kwamba maharagwe mapya yenye chuma huongeza damu kwa wiki moja tu. Ujumbe wa pili unamwonya asiyaguse maharagwe hayo, kwa kuwa yametengenezwa maabara.

Aamini lipi? Swali hili si la wataalamu pekee. Mama mwenye upungufu wa damu yumo hatarini zaidi iwapo atatokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Akipoteza wiki kadhaa akifuata ushauri usio na msingi, anakaribia siku hiyo akiwa dhaifu. Kwa bahati njema, katika suala hili Rwanda inao ushahidi wake yenyewe, na ushahidi huo unatufunza namna ya kupima madai mengine pia.

Maharagwe hayo yametoka wapi?

Tangu mwaka 2010, watafiti wa kilimo wa Rwanda kwa kushirikiana na shirika la HarvestPlus wamewapelekea wakulima aina za maharagwe zenye madini ya chuma zaidi ya yale ya kawaida. Mbegu hizo zilipatikana kwa njia ya uzalishaji iliyozoeleka: mimea yenye chuma kingi huchavushwa na mimea inayozaa vizuri, kisha watoto wao huchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Hakuna vinasaba vilivyopandikizwa maabara. Kwa hiyo onyo la ule ujumbe wa pili linaanguka mapema. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba, lakini maharagwe haya si miongoni mwake.

Na je, yanaongeza damu? Mwaka 2013, watafiti waliwashirikisha wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu mjini Huye, wenye umri wa miaka 18 hadi 27, ambao akiba yao ya chuma mwilini ilikuwa ndogo. Waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikula maharagwe yenye miligramu 86 za chuma kwa kila kilo, na la pili likala maharagwe ya kawaida yenye miligramu 50. Waliendelea hivyo kwa siku 128. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Journal of Nutrition: hemoglobini, yaani kiini cha damu kinachobeba oksijeni, ilipanda kwa gramu 3.8 kwa lita zaidi katika kundi la kwanza kuliko katika la pili.

Dai, basi, lina ukweli ndani yake. Lakini tazama ukubwa wake. Vipimo vya kliniki huandikwa kwa desilita, na kwa kipimo hicho ongezeko ni la takriban gramu 0.4. Mjamzito aliyepimwa akakutwa na gramu 9 anahitaji kufikia angalau 11. Ongezeko hilo pia lilichukua zaidi ya miezi minne, si wiki moja, na walioshiriki hawakuwa wajawazito. Maharagwe haya ni chakula chema kwa familia nzima, mwaka hadi mwaka. Hayachukui nafasi ya vidonge vya chuma na foliki ambavyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza vitumiwe kila siku wakati wa ujauzito, vyenye miligramu 30 hadi 60 za chuma.

Ikilinganishwa na nini?

Nguvu ya utafiti wa Huye ilitokana na ulinganisho. Mwanafunzi yeyote anayepata mlo kamili kila siku anaweza kupata nafuu, hata kama maharagwe hayana lolote la pekee. Ndiyo sababu makundi yote mawili yalikula maharagwe, tofauti kuu ikiwa kiasi cha chuma. Na kwa kuwa kura ndiyo iliyowagawa, hakuna aliyeweza kusema kwamba wenye afya bora walijikusanya upande mmoja.

Sasa urudi kwa jirani na juisi yake. Anasema kweli kwamba damu yake iliongezeka. Lakini katika wiki zile zile huenda alikuwa akimeza vidonge, au alitibiwa malaria au minyoo, ambayo yote mawili hupunguza damu. Hatuna namna ya kujua ni lipi lililomsaidia. Bitiruti ina wekundu wa kuvutia, ila wekundu huo si wa chuma: gramu 100 za bitiruti mbichi hazifikishi hata miligramu moja ya madini hayo. Hakuna ubaya kuinywa. Ubaya huanza inapochukua nafasi ya dawa.

Kuna jambo dogo lisilosambazwa sana, nalo limethibitishwa vyema: chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza chuma cha maharagwe na mboga, ilhali matunda yenye vitamini C, kama machungwa na mapera, huusaidia. Kuisogeza chai mbele kwa saa moja au mbili hakumgharimu mtu chochote.

Droni na idadi ya vifo

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa teknolojia. Tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini zikitokea Muhanga, na baadaye Kayonza pia. Husemwa mara nyingi kwamba zimepunguza vifo vya wazazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulichunguza maagizo ya damu 12,733 kutoka vituo 20 vya afya, kati ya mwaka 2017 na 2019. Ulionyesha kwamba damu ilifika kwa wastani wa dakika 50 hivi, mapema kuliko gari kwa dakika 79 au 98, kutegemea njia ya ulinganisho. Damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja.

Hayo ni mafanikio makubwa katika nchi ya milima. Hata hivyo, utafiti huo ulipima muda na upotevu wa damu. Haukuhesabu vifo. Damu kufika mapema kunatupa sababu njema ya kutumaini kwamba maisha yanaokolewa, lakini idadi ya waliookolewa ni swali jingine, linalodai utafiti wake.

Neno linalodondoka njiani

Wanaotafsiri habari za sayansi wanalijua tatizo hili kwa karibu. Mtafiti huandika kwamba chakula fulani "huenda kikachangia" kupunguza ugonjwa. Tangazo likaandika "hupunguza". Ujumbe wa simu ukasema "hutibu". Hakuna aliyedhamiria kusema uongo, ila neno "huenda" limedondoka njiani, na kwa msikilizaji hufika dai ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Kwa hiyo, dai jipya likikufikia, jiulize maswali manne:

- Lilipimwa kwa nani: kwa watu, kwa wanyama, au kwenye chupa za maabara?
- Lililinganishwa na nini?
- Mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi gani, na yalichukua muda gani?
- Anayelisambaza anauza nini?

Dai lisilojibu hata moja kati ya hayo halijawa uongo, lakini bado halistahili kukubadilishia matibabu. Yule mama wa Muhima na apike maharagwe yake, ale na chungwa, achelewe kidogo kunywa chai, ameze vidonge alivyopewa, kisha arudi kliniki kupimwa tena siku aliyopangiwa. Kipimo hicho cha pili ndicho kitakachomwambia kama damu yake imeongezeka.