Watoto wa safari wasome nini? Mtaala unaoenea kwenye ndoo moja

Niko Chanji, hapa Sumbawanga. Baridi ya mwezi wa sita inakata masikio.

Kila mwaka kipindi kama hiki, tukianza kufunga mizigo, nasikia swali lile lile kutoka kwa majirani: "Na watoto je?" Baba watoto ananunua mahindi na maharage. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hatuna nyumba, tuna Fuso. Leo Laela, kesho Mpui, wiki ijayo tunateremka Lyamba kwenda Muze, Mtowisa na Ilemba kule bondeni, mara nyingine tunafika Kirando. Mimi nawapikia wapakiaji na ndiye ninayeshika daftari la mizani. Bibi aliyekuwa anabaki na watoto amezeeka, sasa yeye ndiye wa kuangaliwa.

Mwaka jana tuliwabeba watoto bila mpango wowote. Nikasema watasoma tu, mama yao si najua kusoma? Tuliporudi Oktoba mkubwa, akiwa Darasa la Pili, alipewa zoezi akapata 9 kwa 50. Kutoa namba za tarakimu tatu kulikuwa kumemtoka kabisa. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwa upole, "Mama, huyu mtoto hajafeli. Hakuwepo." Nilirudi nyumbani sikula siku hiyo. Mwakani yuko Darasa la Nne, na Darasa la Nne kuna upimaji wa kitaifa wa NECTA. Asipofikia kiwango anarudia darasa.

Basi mwaka huu nimekaa chini, nimeuliza, nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nadhani yatamfaa mwingine, maana sio sisi tu. Kuna wavuvi wa kambi za Ziwa Rukwa, kuna wafugaji wanaohama na ng'ombe bondeni, kuna wa kambi za barabara, kuna wanaozunguka na minada.

Kwanza sheria, tusidanganyane. Mtandaoni utakuta wazungu wanaishi kwenye gari mwaka mzima na watoto wao hawajawahi kukanyaga shule, na kwao ni halali. Hapa kwetu Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie. Usiseme "nafundisha nyumbani" ukadhani umemaliza. Mtoto ana namba yake kwenye mfumo wa PREM, na usajili wa upimaji wa NECTA unapitia shuleni. Mtoto asiye na shule hana pa kufanyia mtihani hata kama anajua kuliko mwalimu.

Kwa hiyo jambo la kwanza halikuwa kitabu. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza ukweli: tunaondoka lini, tunarudi lini, namba ya simu hii hapa. Nikamwomba mwalimu wa darasa aniandikie kwenye karatasi moja mada zote watakazofundisha mpaka Oktoba. Hakunisifia, alinisema kidogo pia (na haki yake), lakini karatasi alinipa. Ile karatasi ina thamani kuliko vitabu vyote ninavyobeba.

Wazo hili la shule moja kuwa "nyumbani" pa mtoto sikulibuni mimi. Uingereza watoto wa wasafiri, wale wa maonyesho na sarakasi, huandikwa katika shule moja ya msingi wao na wakihama wanasoma kwa muda katika shule za njiani bila kufutwa kule walikotoka. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1996 inamlinda mzazi ambaye kazi yake ni ya kuhama, ili mradi mtoto aliyefikisha miaka sita awe amehudhuria angalau vipindi 200 vya nusu siku katika miezi 12. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo. Kuhamisha mtoto rasmi mara mbili kwa mwaka inawezekana, lakini ni mzunguko wa kuchosha, na ukikosea kidogo jina linakwama katikati.

Sasa mtaala wenyewe.

Jamaa mmoja wa kanisani alinishauri niagize ule wa Marekani, Accelerated Christian Education. Ni vijitabu vidogo, 12 kwa kila somo kwa mwaka, mtoto anajisomea mwenyewe na kujisahihisha. Kuna pia Calvert ya Baltimore, ambayo tangu 1906 ilikuwa ikituma masomo kwa posta kwa familia zilizo mbali na shule. Sikatai, ni vitu vilivyopangwa vizuri. Lakini mwanangu anasoma shule ya serikali, anajifunza kwa Kiswahili, na Oktoba anarudi kwenye dawati lile lile. Nimsomeshe kwa Kiingereza miezi minne habari za senti na maili halafu nimrudishe kwenye Hisabati ya Kiswahili? Wanaomsomesha mtoto shule ya Kiingereza na wana hela, sawa. Kwangu mimi hapana.

Kilichonishangaza ni kwamba mtaala mfupi tulishauandika wenyewe zamani. Mnaikumbuka MEMKWA? Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tano, zikiwemo Kisarawe, Masasi na Ngara, halafu ukaenea nchi nzima wakati wa MMEM. Ulikuwa wa watoto na vijana waliopitwa na shule, rika la wadogo mpaka miaka 13 na rika la 14 hadi 18. Miaka saba ya shule ya msingi ilibanwa ikawa mitatu. Watu wengi waliichukulia MEMKWA kama shule ya walioshindwa, na hapo tulikosea sana.

Ilibanwaje? Masomo yalikuwa matano. Kiswahili, Kiingereza na Hisabati vilibaki vinasimama vyenyewe. Sayansi, jiografia, historia na uraia vikakusanywa kuwa somo moja la Maarifa. Likabaki la stadi. Yaani mtaala haukuwa mfupi kwa sababu vitabu vilikuwa vyembamba. Ulikuwa mfupi kwa sababu mtu alithubutu kusema: haya matatu yana ngazi, ukiruka moja unaanguka, na haya mengine mtoto anaweza kuyaokota yakiwa pamoja. Kutoa kwa tarakimu tatu usipokujua, kugawanya hutakuweza. Lakini mada ya vyanzo vya maji ukiisoma Agosti badala ya Mei hakuna kinachobomoka.

Mimi sitoi cheti cha MEMKWA, na mwanangu hajakosa shule kiasi hicho. Nilichofanya ni kuchukua panga lao nikakatia vitabu vya sasa vya TET.

Hapa kuna mtego, na mimi niliingia. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Mitaani vitabu vya zamani bado vinauzwa, tena kwa bei nzuri. Nilinunua vitatu vya Darasa la Tatu nikafurahi, kufika nyumbani ndo nagundua ni vya mtaala uliopita. Kwa madarasa ya chini, jalada likisema "Maarifa ya Jamii" au "Uraia na Maadili" au "Sayansi na Teknolojia", rudisha. Sasa hivi kuna Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na Sayansi peke yake. Kabla ya kutoa hela, vitabu vya kiada unaweza kuvisoma bure kwenye maktaba mtandao ya TET. Pakua ukiwa mjini, maana kule bondeni mtandao ni wa kubahatisha.

Ndoo yangu (ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko, begi lilijaa vumbi la Muze mwaka jana mpaka kurasa zikashikana) ina hivi: Kiswahili, Hisabati, Kiingereza na Sayansi vya Darasa la Tatu, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu vya yule mdogo wa Darasa la Kwanza, madaftari sita, mawili ya mraba, ramani ya Tanzania, kipande cha ubao mweusi. Basi. Historia na Jiografia nimeviacha Chanji, mada zake ziko kwenye ile karatasi ya mwalimu. Tunazipitia kwa mdomo, na kwa kweli huku Ufipa ingekuwa aibu kuzifundishia kitabuni tu. Ukitoka uwandani na sweta, ukateremka Lyamba, kufika Muze unavua mpaka fulana. Mtoto anauliza mwenyewe kwa nini, hujamwambia afungue ukurasa. Ziwa Rukwa lipo pale, ziwa lisilo na mto wa kutoka, linapanuka na kupungua. Nkasi kuna mabaki ya malungu, tanuri ndefu za udongo walizofulia chuma Wafipa. Kasanga ndiyo ilikuwa Bismarckburg ya Wajerumani. Nani atakosa la kusema?

Hisabati nayo inajileta yenyewe kwenye mizani. Mkulima ana magunia 7 ya kilo mia mia na kilo 35 juu. Tukinunua kwa shilingi 600 kilo, analipwa ngapi? Mwanangu alizidisha 735 kwa 6 akapata 4,410, akabandika sifuri mbili: 441,000. Alipoona baba yake anahesabu noti zile zile alizoandika, alikua siku hiyo. Lumbesa pia nimemfundishia hapo hapo: gunia lililoshonewa kilemba sio kilo 100, na anayeibiwa ni nani. Ila msijidanganye kama nilivyojidanganya mwaka jana, kwamba biashara itamfundisha yote. Mizani inamfundisha kuzidisha na kujumlisha. Sehemu, saa, maumbo haimfundishi. Kitabu lazima kifunguliwe.

Lini? Hapo nimeiga Karamoja, Uganda. Mwaka 1998 walianzisha mpango unaoitwa ABEK kwa watoto wa wafugaji: masomo alfajiri kabla ya kwenda machungani na jioni wakirudi, karibu na makazi yao, wakifundishwa na watu wa hapo hapo. Kwetu ni saa moja na nusu asubuhi, kabla mizani haijafungwa kwenye mti. Nusu saa Kiswahili, dakika arobaini Hisabati, zinazobaki ni Kiingereza au Sayansi. Jioni kusoma kwa sauti tu. Siku ya gulio kubwa hakuna masomo, nimeshakubali. Nilijaribu kulazimisha tukagombana wote watatu na uji ukaungua.

Kwa yule mdogo kuna msaada mwingine ambao wengi hawaujui, na ulijaribiwa nchini kwetu. Kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, tableti zenye programu za Kiswahili zilipelekwa vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 2,700, wengi wao hawajawahi kwenda shule. Hakuna mwalimu, hakuna intaneti, umeme wa jua. Baada ya miezi 15 wengi ambao mwanzo hawakuweza kusoma hata neno moja walikuwa wanasoma. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu zikaachwa wazi kwa yeyote. Nimemwekea mdogo kwenye tableti ya mkono wa pili. Inamfaa kwa herufi na namba. Kuandika kwa penseli haimfundishi, na betri inakufa sisi tukiwa Ilemba.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nawapima kwa namna ya Uwezo, wale waliokuwa wanapita majumbani wakimpa mtoto hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili asome. Mkubwa anasoma hadithi asiyoijua kwa sauti, namuuliza maswali mawili, halafu hesabu tano kutoka kwenye karatasi ya mwalimu, bila kumsaidia. Akikosa tatu, wiki inayofuata hatusongi mbele. Mwaka jana ningefanya hivi ningejua Agosti, nisingesubiri kuambiwa Oktoba.

Kinachonishinda mpaka sasa ni Kiingereza. Mimi mwenyewe niliishia Darasa la Saba, matamshi yangu nayajua. Mtowisa nimeongea kwa simu na mwalimu mmoja, amekubali mkubwa akae darasani kwake kwa wiki tatu tutakazokuwa pale, bila uhamisho, nikimletea barua ya mwalimu mkuu wake. Barua naifuata kesho asubuhi. Jumatatu tunateremka, na chaki bado sijanunua.