Bomba la Pili

Kila mtambo wa kuondoa chumvi ninaoufunga una mabomba mawili ya kutolea maji. La kwanza hutoa maji baridi, na siku ya kufunguliwa watu hulizunguka, hunywa, hupiga picha. La pili hupita nyuma ya ukuta. Huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi hii, pwani ya mashariki ya Unguja, na usingizi wangu hukatwa na hilo la pili.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Sukuma lita 10 kwa nguvu kwenye chujio, utapata kama lita 4 za kunywa. Chumvi karibu yote, gramu 350, inabaki kwenye lita 6 zilizosalia, kila lita gramu 58 hivi, pamoja na dawa tunazotia ili chujio lisishike ukoko. Hayo ndiyo mabaki, na lazima yaende mahali.

Hoteli yangu ya kwanza ilitumia kisima cha maji ya chumvichumvi. Mwenye mali hakutaka gharama ya bomba refu, nami sikumpinga. Tukachimba shimo hatua 30 kutoka kisimani, tukamwaga mabaki humo. Shimo halikujaa hata siku moja, tukafurahi. Kumbe jiwe la kwetu ni la matumbawe, limejaa matundu. Baada ya miezi minane chumvi ya kisima ilikuwa imekaribia mara mbili, pampu inanguruma, umeme unaliwa. Tulikuwa tunayasafisha maji yale yale tuliyoyatupa.

Tukalihamishia bomba pwani. Asubuhi moja, maji yamekupwa, nikaitwa na bibi mmoja mkulima wa mwani. Wanawake wa Paje na Jambiani wamelima mwani tangu 1989, na hakuna chombo changu kinachoijua bahari ile kuliko wao. Nikamwamkia. Akanionyesha kidimbwi katikati ya vigingi vyake, mwani umepauka. "Chovya kidole uonje, mwanangu." Nikaonja. "Maji yenu mazito, yanalala chini. Bahari ikirudi inapita juu yake." Nikamwomba radhi.

Alichokisema ndicho wahandisi wa Perth, Australia, walichokijengea. Bomba la mtambo wao wa mwaka 2006 linaishia chini ya bahari kwa matundu mengi yanayorusha mabaki juu kwa kasi, yachanganyike kabla hayajazama, na hupima hadi oksijeni ya chini kabisa. Fedha hizo hatuna. Tukajenga tangi. Mabaki hukaa humo mpaka maji yajae, na yanapoanza kutoka tu ndipo tunafungua, yachukuliwe na mkondo kuelekea kwenye mlango wa mwamba. Wakati wa bamvua huenda vizuri. Maji mafu yakifika tunafungua kidogokidogo, ndiyo maana tangi lilipaswa kuwa kubwa. Maji ya asidi ya kuoshea chujio yana pipa lake, hayaguswi na bahari kabla ya kuzimuliwa makali yake. Ningependa bomba livuke mwamba kabisa, na sijaacha kulidai.

Huko Eilat, Israel, mabaki huchanganywa na maji ya bahari yakapelekwa kwenye mashamba ya chumvi. Kila nikiyaona mashamba ya chumvi ya Pemba nafikiria hilo.

Bara ni kugumu zaidi, hakuna bahari ya kuomba msaada. El Paso, Texas, huyasafirisha mabaki kwa bomba kilomita zipatazo 35, kisha huyasukuma ardhini kina cha zaidi ya kilomita moja. Kwa kijiji, njia inayowezekana ni bwawa la kukaushia, lililotandikwa plastiki nene lisivuje. Jua likikausha milimita 5 kwa siku, mita za ujazo 10 za mabaki kila siku zinataka bwawa la mita za mraba 2,000, zaidi ya robo ya uwanja wa mpira, na masika haijahesabiwa.

Wiki iliyopita alinipigia ndugu mmoja wa Dodoma mwenye kisima cha chumvi, akiuliza bei ya mtambo. Nikamwuliza ana eneo kiasi gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho atakwenda kupima.